Mchanga wa Bondeni kwa Mama

Tunduma,
9 Machi 1997

Mdogo wangu Ezron,

Pokea salamu za mpakani. Sisi tunaendelea, ukiacha mafua ya watoto na tope ambalo halijakauka tangu mwaka uanze. Shemeji yako Sunday bado anagombana na nyaraka za forodha kutwa nzima, jioni anarudi sauti imemkauka. Shangazi wa Isansa anakusalimu, kahawa yake mwaka huu imebeba vizuri. Mimi nimepunguza biashara ya maharage, sasa nafuata mchele Kamsamba na kuuvusha Nakonde, maana Wazambia wanaupenda kuliko hata sisi tunaoulima. Mama hajambo.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu ya mama, au tuseme kwa sababu ya mto. Jumapili nilishuka bondeni kwa mama baada ya ibada. Kabla sijafika nilisikia injini. Nikakuta malori mawili yameingia mtoni Nandanga kabisa, tairi zimo majini, na vijana vifua wazi wanapakia mchanga kwa makoleo. Ukingo wa upande wetu umekatwa kama mkate. Pale tulipokuwa tunafulia sasa pana shimo linalommeza mtu mzima na mkono wake juu.

Malori ni ya Twaibu, yule mfanyabiashara mwenye ghala karibu na stesheni. Alikuwepo mwenyewe. Nikamuuliza nani kamtuma. Akanijibu kwa adabu zake zote, "Dada Getruda, mimi nina ruhusa ya mwenye shamba." Nikamwambia mwenye shamba ni marehemu baba. Akacheka: "Marehemu hatoi ruhusa, dada."

Baba alipofariki wazee walikukabidhi wewe shamba lile la kando ya mto, kwa kuwa ndiye mwanamume pekee. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na jibu la mstari mmoja linanitosha. Unajua chochote?

Dada yako,
Getruda


Dar es Salaam,
27 Aprili 1997

Dada Getruda, shikamoo.

Barua yako ilichelewa, dereva uliyempa alikwama Mikumi lori likiwa na gia mbovu. Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi mzima, ingawa jua la baharini limenibabua pua hadi wenzangu wananiita nyanya.

Ungeiona kazi yetu ungecheka. Kutwa tuko kwenye mashua tunatafuta mchanga, tena chini ya bahari! Fukwe za kaskazini mwa jiji zimeliwa. Kuna hoteli bwawa lake la kuogelea limebaki linaning'inia, na msikiti wa wavuvi umepoteza ukuta mmoja. Kampuni imepewa kazi ya kutafuta mchanga mbali na pwani, ili meli ije iunyonye na kuumwaga ufukweni, ufuo urudi kama zamani.

Watu wanadhani mchanga ni mchanga tu. Sivyo. Tunashindilia bomba la chuma sakafuni mwa bahari, tunalipandisha, tunachekecha kilichomo. Ukiwa laini kama unga, wimbi la kwanza litauchukua. Ukiwa na tope, maji yatachafuka na matumbawe yatakufa. Tunatafuta chembe nene, safi, zinazofanana na zile zilizokuwepo. Mpaka sasa tunapata tope na vipande vya kombe.

Na unajua kwa nini fukwe zimekufa? Ufukwe hulishwa na mito. Mto unateremsha mchanga, bahari inaupokea na kuutandaza. Watu wameichimba mito kwa ajili ya kujengea, bahari imekosa chakula, imeanza kula nchi kavu. Ni rahisi hivyo, na hakuna mkubwa anayetaka kulisikia hilo.

Mwambie mama nitamletea kanga. Mambo ya bondeni tutayazungumza nikija.

Mdogo wako,
Ezron


Tunduma,
15 Juni 1997

Ezron,

Tumepokea barua. Watoto wamepona. Sunday anakusalimu. Mama hajambo, ila haendi tena sokoni.

Nilikuomba mstari mmoja, ukanipa bahari nzima. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikajivuna, nikawasomea hata majirani, kwamba huyu ndiye mdogo wangu, anajua bahari inakula nini. Mara ya pili nikaisoma peke yangu, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Mtu anayejua kwamba mto ukichimbwa nchi inaliwa, akaulizwa nani anachimba mto wa mama yake, anajibu "tutazungumza nikija"! Utakuja lini? Krismasi? Mto utakuwa umefika mlangoni.

Sasa malori ni manne. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Mbonile, aliitisha mkutano. Twaibu akaja na soda za wazee. Akasema mbele ya watu wote kwamba mwenye shamba alimpa ruhusa kwa mdomo wake mwenyewe Krismasi iliyopita, na kwamba kama kuna ugomvi ni wa ndani ya familia. Watu wote wakanigeukia mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Na kuna lingine. Kwenye kile kiwanja chako karibu na stesheni, mafundi wa Twaibu wamechimba msingi na wanafyatua tofali. Rundo la mchanga pale ni jeupe lenye vijiwe vyekundu. Huhitaji kunifundisha mchanga, Ezron, ule nimeuchezea tangu sijaota meno. Nikamuuliza fundi nyumba ni ya nani. Akasema, "Ya bwana mmoja msomi, yuko Dar."

Sasa nijibu. Sitaki habari za pua yako.

Getruda


Dar es Salaam,
3 Septemba 1997

Dada, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Kisha, nikuambie ukweli, kwa sababu ya lugha uliyonitumia. Mimi si mtoto wa kubebwa mgongoni tena.

Ndiyo, nilimruhusu Twaibu. Yeye anachukua mchanga, na kwa mchanga huo ananijengea nyumba. Hakuna aliyeibiwa. Shamba wazee walinipa mimi, na wewe ulikuwepo umekaa kwenye mkeka ukisikia, hukusema neno. Leo nikilitumia, nimekuwa mwizi? Wewe una nyumba ya mumeo. Mimi nina nini hapo Tunduma? Kila nikija nalala sebuleni kwako na kuamshwa na watoto wanaotafuta viatu vya shule.

Tena nilimwelekeza vizuri. Nilimwambia achimbe katikati ya mto, asiguse ukingo, apumzike wakati wa masika. Akifanya hivyo mto utajaza mashimo wenyewe. Kama amekiuka, mwambieni Mbonile amsimamie. Si kosa langu.

Na ukitaka kujua, tumeupata. Nje ya mwamba wa matumbawe, mbali na pwani, kuna tuta refu la mchanga chini ya maji. Chembe zake nene, safi, rangi ya asali. Niliuchekecha mara tatu kuhakikisha. Mkuu wetu, ambaye hajawahi kumsifia mtu, alinipa mkono mbele ya wenzangu wote. Nilitaka nyumbani wafurahi. Badala yake napokea matusi.

Msalimie mama. Kwa nini haendi sokoni?

Ezron


Tunduma,
18 Januari 1998

Ezron,

Nimekaa miezi bila kuandika. Kila nilipoanza, kalamu ilitoboa karatasi.

Umeuliza kwa nini mama haendi sokoni. Nilikuficha kwa sababu mwenyewe aliniapisha. Mwezi wa tano alikwenda kuchota maji mapema kama kawaida yake, kwenye njia ile ile aliyoipita tangu aolewe. Njia haikuwepo. Ukingo ulimeguka akaenda nao shimoni, na ndoo ikamfuata. Alikaa mle, maji kiunoni, mpaka wapakiaji wa Twaibu walipokuja asubuhi wakamtoa. Nyonga ilivunjika. Daktari amefanya alichoweza, lakini mguu mmoja umekuwa mfupi, anatembea kwa fimbo na kwa kuguna. Alisema, "Usimwandikie, ataacha kazi yake ya baharini." Nikamtii. Nilipokuandikia ule mwezi wa sita nilikuwa nimetoka kumwogesha.

Sasa sikia habari ya katikati ya mto.

Mvua za mwaka huu hazina mfano. Nandanga ulipojaa, haukufuata mkondo wake, uliyafuata mashimo. Ukaingia shimo la kwanza, ukatokea la pili, ukakata kona nzima ukaja upande wetu. Bustani za akina mama wote wa bondeni zimekwenda, migomba, maboga, mahindi mabichi. Mama, huyo huyo mama yako, alikaa kizingitini akaangalia mgomba aliopanda siku ya ubatizo wako ukielea umesimama wima kama mtu anayeondoka. Hakulia. Aliniuliza tu, "Ezron hakuwaambia kwamba mto unageuka?" Bado anadhani ulikuwa hujui.

Nimemwacha adhani hivyo. Sijui kwa nini.

Mvua ilipopungua kidogo malori yakarudi. Wakati huu hatukuita mkutano. Tulikwenda wanawake, tukakaa kwenye njia yao ya kuingilia, kwenye tope, na majembe mapajani. Dereva akapiga honi. Akashuka. "Akina mama, mimi natafuta ugali tu." Jirani yetu Ikupa, aliyepoteza shamba lote, akamjibu, "Wetu umeupakia mwezi jana." Yule kijana akazima gari. Mzee Mbonile akafika na mgambo, akachukua ufunguo. Lori hilo liko uwanjani kwa kijiji mpaka leo.

Nyumba yako, hongera, imefika usawa wa madirisha.

Getruda


Dar es Salaam,
22 Februari 1998

Dada,

Sijui nianze wapi. Ulipaswa kuniambia. Mama yangu anavunjika nyonga, nami nakaa miezi yote hiyo nikijua hajambo! Mlinionea. Nimeandika na kufuta mara nyingi, naona bora niandike tu.

Mradi ulifungwa Julai. Nilipokuandikia Septemba sikuwa baharini, nilikuwa chumbani Manzese nimeketi juu ya kitanda cha kupanga. Mchanga tuliupata kweli, sikudanganya hilo. Ila waliokuwa wanalipa waliangalia gharama ya kuleta meli ya kuunyonya, wakafunga mafaili wakaondoka. Tuta lile liko kule kule. Yule mwenye hoteli hakutaka kungoja, akaleta mawe makubwa akayapanga mbele ya ukuta wake. Mawimbi yakapiga mawe, yakazunguka, yakaenda kula kwa jirani yake. Msikiti wa wavuvi haupo tena. Walipokuwa wanautoa mlango wake ili usichukuliwe na maji, mzee mmoja alinitambua. Akaniambia, "Nyinyi wenye bomba, mbona mlikuja kupima tu?" Nikaondoka kwa miguu.

Nilijua mwisho unakuja tangu Krismasi ile. Mkuu alikuwa ameshatudokeza. Kwa hiyo nilipokutana na Twaibu pale stesheni akaniambia habari za mchanga, niliona mlango. Ninyi nyote mlinisomesha. Mama aliuza ng'ombe wa baba. Ningerudi vipi na begi moja? Nilisema angalau watu waone nyumba.

Dada, nakuomba kwa jina la baba. Twaibu asichimbe tena, nimemwandikia. Lakini msiizuie nyumba. Imebaki kidogo. Ndiyo mahali pekee ninapoweza kurudi nikiwa mtu. Nitamchukua mama akae humo, apumzike na habari za mto.

Ezron


Tunduma,
5 Aprili 1998

Ezron,

Barua yako ilinikuta bondeni. Mama aliona bahasha akaniambia nisome kwa sauti. Nilitaka kuruka hapa na pale. Akasema, "Soma yote, Getruda, mimi siyo chungu cha kuogopa kupasuka." Nikasoma yote. Habari ya Krismasi. Habari ya Twaibu na stesheni. Aliniacha nimalize, halafu akaomba fimbo yake.

Nilidhani anakwenda msalani. Alikuwa anakwenda barabarani kungoja gari la Tunduma.

Tulipofika kiwanjani kwako mafundi walikuwa juu ya jukwaa, kuta zimefika lenta, juu ya madirisha. Mama alisogea akauparura ukuta kwa kucha, akautazama mchanga uliobaki kidoleni.

"Fundi, huu umetoka wapi?"

"Bondeni, mama."

"Bonde la nani?"

Fundi akaangalia ndoo yake.

"Basi shuka," mama akasema. "Shukeni wote. Kazi imekwisha."

Wakamwita Twaibu. Alikuja mbio, kofia mkononi, na kusema kweli hakumkosea heshima. "Mama yangu, nyumba hii ni ya mwanao. Utabomoa nyumba ya mwanao?"

"Mwanangu nilimzaa," akajibu. "Nyumba sikuizaa." Akainua fimbo akaupiga ukuta. Ilikuwa fimbo tu ya mtu mgonjwa, haikudondosha hata chembe ya mchanga, lakini barabara yote ilikuwa imesimama. Wabadili fedha, waendesha baiskeli, Wazambia na mizigo yao kichwani. Akapiga tena. Nikaona aibu yangu inakwisha. Nikachukua nyundo ya fundi.

Sikufichi, Ezron, nilifurahi. Kila tofali lililoanguka nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu mwaka jana. Nilipiga mpaka viganja vikachubuka. Nilikupiga wewe, nilimpiga Twaibu, niliwapiga wale wazee waliogawa shamba mimi nikiwa nimekaa mkekani kimya. Umenikumbusha hilo kwenye barua yako. Ni kweli sikusema neno. Wanawake hawakuulizwa siku ile. Siku hii hatukungoja kuulizwa.

Mzee Mbonile alimwachia Twaibu lori lake kwa sharti moja, lirudi bondeni limebeba tofali zote, nzima na vipande. Limekwenda na kurudi siku kadhaa. Twaibu aliendesha mwenyewe safari ya mwisho, akapakua pamoja nasi. Tumezipanga kwenye kona mto ulipokatia. Tulijiona tumeuziba.

Wiki jana ukajaa tena. Safu mbili za chini zimetumbukia, na maji yamezunguka mwisho wa ukuta wetu yanaelekea kwa Ikupa. Mbonile anataka tuongeze mawe. Mafundi wanataka simenti. Mimi nakaa pale ukingoni nawasikiliza, na sijui nani yuko sahihi, na hilo linaniuma kuliko viganja.

Kwa hiyo sikiliza. Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, na usiniombe kwa jina la baba, maana baba angekuchapa. Mama naye hajasema amekusamehe. Amesema uje. Nilimuuliza aje kufanya nini, akasema, "Ukoo mzima huu, aliyesomea mchanga ni nani mwingine?" Kisha akaniambia nikuandikie kwamba watu wa bondeni wanajua yote, na watakutazama hivyo hivyo wanavyojua, na utashuka mtoni mbele yao ukiwa umekunja suruali.

Panda treni. Begi moja linatosha. Ukiteremka Tunduma usije kwangu, sina uso wa kukupokea nao bado. Unganisha moja kwa moja bondeni. Utalala jikoni kwa mama, kwa sababu chumba chako kilikwenda na maji wiki ile ile.

Getruda